Chokaa ya Mgeni

Sogeeni, na anayebangua korosho aache kwanza, anisikie.

Kiwandani kwetu Newala wanachoma maganda ya korosho kupata gesi. Gesi hiyo ya moto hupitishwa kwenye pipa la chokaa, chokaa imeze ile sumu inayonuka mayai viza. Wiki iliyopita nampelekea binti yangu uji, nakuta wabanguaji wote wanakohoa, macho mekundu. Pipa tupu!

"Shikamoo, mama," msimamizi kaniamkia, brashi mkononi.

"Marahaba. Chokaa iko wapi?"

"Tumeipaka ukutani, mama. Kesho tuna mgeni."

"Kwani ukuta ndio unaopumua?"

Akachovya brashi, akaendelea kupaka.

Mgeni alikuja, akausifu weupe, akaondoka na picha zake. Msimamizi karithi sifa. Binti yangu karithi kikohozi.