Mume wa Bibi na Chupa ya Dawa

Mwanangu, siku ile ya Nansio, kule kisiwani kwa bibi, naikumbuka hadi leo. Nilitoka Mwanza kwa meli, kijana wa mjini, shati limenyooka kwa pasi, mkononi chupa ya dawa ya kuchua. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, nami nilijiona nimemaliza kila kitu. Dawa ilikuwa ya Bibi Veronika, mama yake baba. Magoti yalimtesa miaka mingi. Vidonge vya hospitali vilipunguza maumivu bila kuyamaliza, na mwaka ule alikuwa ameacha hata kwenda kanisani. Tuliogopa asije akawa mtu wa kitandani moja kwa moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu." Ndio utani wetu, bibi humwita mjukuu mume.

Nikaweka chupa mezani. "Dawa hiyo, bibi. Uwe unajichua asubuhi na jioni." Nikageuka niwafuate rafiki zangu wa pale kijijini.

Mlangoni alikaa wifi yake, Bibi Tereza, akimenya mihogo. Ulimi wa mama yule haukujua likizo. "Mume gani wewe? Unamletea mkeo dawa halafu ajichue mwenyewe? Basi tumtafutie mwingine!"

Wakacheka wote wawili. Nikaona aibu, nikavuta kigoda. Nikamuuliza panapouma, nikamchua polepole. Bibi akafumba macho, akanisimulia ngoma alizocheza wakati wa usichana wake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Tangu babu yako afariki, hakuna aliyenishika hivi." Machozi yalinitoka, mwanangu, sioni haya kusema.

Likizo yote ile nikawa mchuaji. Magoti hayakupona. Lakini Jumapili ya mwisho bibi aliomba fimbo yake, akanishika bega, tukaenda kanisani tukipumzika njiani. Alipoingia, Bibi Tereza alipiga kigelegele katikati ya misa.

Leo niko hapa Kiseke, Mwanza, na sasa ni zamu ya mgongo wangu. Vijana mnanitumia dawa kwa bodaboda, na ninashukuru. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzee wako mpe dawa kama daktari alivyoagiza, kisha usiondoke. Muulize panapouma, mshike taratibu akikuruhusu, na hadithi uliyoisikia jana isikilize tena. Kwa mzee anayeumwa, hata mkono mtupu unatosha.

Mungu akujalie uzee, mwanangu, na siku hiyo akupe mtu wa kuvuta kigoda karibu yako.