Rangi Nyekundu Kwenye Mdomo wa Spana

Fundi huyu alikuwa mwoga, na tuseme tu hivyo bila kuzunguka. Mtaani walimwita Mikanda, kwa sababu alivaa mikanda miwili kwenye suruali moja, wa pili ukingoja wa kwanza ukatike. Ukimpelekea lango la kuchomelea, atalichomelea, atalipiga nyundo kusikiliza mlio wake, kisha atalala akiliwazia. Mkewe alisema kwamba siku ya posa alikagua miguu ya kiti kabla ya kukikalia mbele ya wakwe. Hapo mama huyo alikuwa ametia chumvi, lakini si nyingi.

Woga wenyewe haukuzuka hivi hivi. Zamani aliajiriwa kwenye karakana ya matrekta. Siku moja mpira wa mafuta ya haidroliki ulitoboka tundu dogo, na mwenzake akaliziba kwa kiganja huku pampu inasukuma. Alihisi kama kachomwa sindano. Wakamtania, akapangusa mkono, akaendelea na kazi. Kufika jioni mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko, na siku ya tatu madaktari waliukata. Toka hapo Mikanda aliyaogopa mafuta yaliyo kwenye presha kuliko alivyoogopa moto, na watu wasiojua habari hiyo wakamcheka.

Aliyemcheka zaidi ni dada yake, dereva wa trekta, mwanamke mwenye roho ngumu kama nini. Alimzidi Mikanda miaka saba, na mama yao alipofariki ndiye aliyemlea: alimwogesha, alimfunga kamba za viatu, alimlaza. Baba yao alifanya kazi za zamu na alilala mchana, kwa hiyo dada alikuwa na ishara yake ya kumtuliza mdogo wake: kiganja kimeelekea chini, kinashuka polepole. Maana yake taratibu, baba kalala.

Sasa dada alikuwa amepata kazi ya kufyeka vichaka chini ya nyaya kubwa za umeme. Akaja karakanani kwa mdogo wake. "Nitengenezee mashine ya kufyeka, niifunge mbele ya trekta, izungushwe na mafuta ya trekta lenyewe."

Mikanda aliipiga hesabu. Mafuta ya presha, visu vinavyozunguka, na nyuma ya vyote hivyo amekaa dada yake. Alitaka kukataa. Lakini utamkatalia vipi mtu aliyekufunga viatu?

Aliitengeneza kwa wiki tano. Alikata sahani nene ya chuma, akaifunga visu vitatu vilivyolegezwa ili vikigonga kisiki virudi nyuma badala ya kuvunjika. Pembeni akaning'iniza minyororo ya kuzuia mawe. Mota ya mafuta hakuibebesha sahani hata kidogo. Sahani aliipa shafti yake na beringi zake, alizozitoa kwenye gurudumu la lori bovu, mota ikawa juu, kazi yake kuzungusha tu. "Kazi ya mota ni kuzungusha," alisema, "vipigo vipokewe na beringi."

Kisha akafunga vali ya usalama, na hapo ndipo palipomkosesha usingizi. Kisu kikikwama kwenye kisiki, pampu haijui, inaendelea kusukuma, na mafuta lazima yapate pa kutokea. Ukifunga mafuta ghafla nako, sahani bado inazunguka kwa uzito wake, inaisukuma mota, na mafuta yanatafuta njia vilevile. Vali ndiyo mlango wa uani. Ukikaza skrubu yake kupita kiasi, mlango haufunguki, na kinachopasuka ni mpira au mota yenyewe. Aliipima kwa geji, akakaza nati ya kuishikilia skrubu, akapaka tone la rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, nusu kwenye nati na nusu kwenye vali. Nati ikiguswa, rangi itapasuka, naye atajua.

"Na mimi nibakishie basi," mkewe alisema.

Dada alipewa masharti. Mtu yeyote asisogee ndani ya hatua sitini. Ukimwona amesogea, funga mafuta papo hapo. Na ukishafunga, usishuke kabla ya kuhesabu hadi arobaini, maana sahani haisimami kwa kuwa wewe umechoka.

"Arobaini?" dada akasema. "Nikifika ishirini nitakuwa nimesinzia, mdogo wangu."

Siku ya kwanza mashine ilifyeka vizuri, ila kwenye kila kisiki kinene vali ilifunguka, ikapiga yowe, na sahani ikasita. Mafundi wa umeme waliokuwa wakikagua nguzo walivunjika mbavu. Walisema mashine ya Mikanda nayo imefungwa mikanda. Dada alirudi jioni uso umemshuka.

"Haina nguvu," alisema.

"Inazo. Inajilinda."

"Inajilinda kama wewe."

Ilimuuma, akaingia ndani kunawa mikono. Mashine ikabaki karakanani na dada.

Asubuhi yake dada alipita mapema akaondoka na trekta. Mikanda alikuja baada ya chai. Spana zake huzitundika ukutani midomo ikitazama mlangoni, zote. Namba kumi na saba ilitazama ukutani. Akaitungua, akaona wekundu kwenye mdomo wake. Alidhani damu. Akaukwangua kwa ukucha, ukabanduka vigamba vidogo vinavyong'aa.

Rangi ya kucha. Alipiga simu, ikaita mpaka ikakata, maana dada huiweka kwenye boksi la vifaa na injini haimruhusu kusikia kitu. Akapiga tena huku anatoa baiskeli. Alipofika barabarani alikuwa bado ameshika spana, akaichomeka kwenye mkanda wa pili na kukanyaga pedeli kufa na kupona.

Alilisikia trekta kabla ya kuliona. Akasikiliza yowe la vali. Halikuwepo. Visiki vilikuwa vinakatwa kimoja baada ya kingine, kwa mshindo, kisha kimya baada ya mshindo, na kila kimoja mota ilikuwa inakibeba yenyewe. Jana kelele ile ilimwaibisha. Leo angeilipia ili aisikie.

Dada alikuwa amempa mgongo. Hapo Mikanda akakumbuka masharti yake mwenyewe, akasimama. Dada akimwona anakuja mbio, atafunga mafuta papo hapo, kama alivyofundishwa. Sahani itakuwa kwenye kasi yake yote, mafuta hayana pa kutokea, na mota itapasukia kifuani pake. Kumsimamisha kungeweza kumuua, na kumwacha vilevile.

Akaiacha baiskeli. Akazunguka kichakani hadi mbele ya trekta, mahali pale mawe yanaporukia, ambapo yeye mwenyewe alikataza watu. Jiwe lilipita karibu na sikio lake. Alitaka kulala chini, na mwili mzima ulimwomba alale chini. Akajikaza, akatembea, hakukimbia. Akainua mkono, kiganja chini, akaushusha polepole. Akauinua tena, akaushusha.

Dada alimwona. Mkono wake ulikwishafika kwenye wenzo wa mafuta, na Mikanda akaona vidole vikijikunja juu yake. Kiganja chake kikazidi kushuka. Taratibu. Baba kalala.

Vidole viliachia wenzo. Vikaenda kwenye kidhibiti cha mwendo wa injini, vikaupunguza kidogo, kisha kidogo tena. Mngurumo ukawa mnong'ono, sahani ikalegea mwendo, na mwisho kabisa dada akafunga mafuta na kuzima.

Mikanda alisogea mpaka kwenye mota, akaipangusa kwa kitambaa. Upande unaotazama kiti, ukielekea kifua cha dereva, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Alipangusa tena. Matone madogo ya mafuta yakajipanga juu ya ufa, moja, mawili, matatu.

"Uliikaza?" aliuliza.

"Mzunguko mmoja," dada alisema. "Mmoja tu. Walikuwa wananicheka."

Mikanda alishika pembe ya kitambaa, akamwonyesha ufa bila kuugusa. Dada aliutazama, kisha akatazama kifua chake mwenyewe, na kifungo cha pili cha shati lake kilikuwa sawasawa na ule mstari. Mikanda akafungua nati kwa spana namba kumi na saba, akairudisha skrubu ilipokuwa.

Alipomaliza, dada alikuwa bado juu ya kiti, ameshika usukani kwa mikono miwili. Sahani ilikuwa imesimama zamani, na panzi alikuwa ametua kwenye mnyororo. Midomo ya dada ilikuwa inacheza. Mikanda alisogea amsikie.

"Mia moja na kumi na mbili," dada alikuwa anasema. "Mia moja na kumi na tatu."

"Dada, imeshasimama. Shuka."

"Bado," alisema, na akaendelea kuhesabu.