Nguo ya Baiskeli ya Mwandu

Jumanne, tarehe 4 Machi 2025. Mvua nyembamba ya kuchosha ilinyesha Mpanda tangu alfajiri, ikakatika saa tatu. Jua lililofuata lilikuwa kali, mabati ya mtaa wa Kawajense yakawa yanatoa mvuke.

Scola, ambaye wateja walimwita Mama Lidia, alikuwa amekaa kibarazani, mguu mmoja ameunyoosha mbele, anakata sponji la godoro kuukuu. Kazi aliyojulikana nayo ilikuwa kuvalisha baiskeli. Alizungushia mabomba ya fremu sponji, juu yake akavuta ngozi ya viti, nyekundu au bluu kama mteja apendavyo, akaishona kwa sindano ya magunia mpaka ikabana kama soksi. Baiskeli iliyovaa hivyo haikuchubuliwa rangi na madumu ya maji wala magunia ya mkaa, na mtoto aliyepakiwa mbele hakuumia. Watu wa kijiweni waliiita nguo. "Baiskeli yako imevaa kuliko mkeo," walitaniana, na aliyetaniwa hakukasirika, maana nguo ya Scola ilikuwa sifa.

Ushonaji aliupata kwa marehemu mumewe, Edgar, aliyekuwa fundi wa makochi. Edgar alikuwa na desturi yake: kila alichoshona alikiacha wazi kidogo upande wa chini. "Kipumue," alisema, wala hakueleza zaidi. Scola alipoanza baiskeli alifuata hivyo hivyo. Lakini wateja walilalamika kwamba sponji linachungulia, vumbi linaingia, nguo inaonekana kama haijaisha. Basi akaanza kuziba. Alishona mpaka mwisho, kule chini kwenye pedeli, mshono juu ya mshono, fundo akalizamisha ndani lisionekane. Kwa ajili ya fundo hilo watu walimjia hata kutoka Katumba.

Asubuhi hiyo alikuja Machibya, msemaji wa kijiwe cha baiskeli za abiria karibu na soko. Alikuwa anasukuma baiskeli yake yenye nguo ya bluu. Juu ya bomba la mbele Scola alikuwa amemwongezea sponji nene, kikawa kiti cha Happiness, binti wa Machibya wa darasa la kwanza, aliyepelekwa shule amekaa hapo kila siku. Kwenye keria alikuwa amefunga fremu nyingine yenye nguo nyekundu, iliyokatika.

Scola aliitambua kabla hajaambiwa. Ilikuwa ya Mwandu, waliyemzika Jumapili. Alikuwa anateremka kwenda Kakese na gunia la mahindi, fremu ikaachana katikati ya mteremko, akaangukia ukingo wa kalavati kwa kichwa. Hakufika hospitali.

"Shikamoo, Mama Lidia."

"Marahaba, Machibya. Poleni na msiba."

"Tumepoa, mama, ila roho zinatuwaka. Hebu ivue nguo hiyo. Tunataka tuone Abednego alichomelea nini."

Abednego alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kibanda chake hatua chache kutoka kijiweni. Mwaka juzi ndiye aliyeziba ufa wa fremu ile karibu na pedeli, na wiki hiyo hiyo Scola akaivalisha. Ya Machibya aliivalisha baada ya hapo, mwezi ule ule, kwa ngozi iliyotoka duka lile lile.

Alichukua wembe akalitafuta fundo. Lilikuwa limekaza, ikabidi akate kandokando. Ngozi ilipofunguka, maji yalimtiririkia kwenye khanga, mekundu kama chai ya rangi. Sponji lilikuwa zito mkononi. Chini yake bomba halikuwa na rangi tena. Kutu ilikuwa imelila likabaki jembamba kama kopo, linabanduka magamba. Alipitisha kidole gumba taratibu. Kovu la kuchomelea lilikuwepo, zima, limeshika. Bomba lilikuwa limekatikia juu zaidi, upana wa kiganja kutoka kwenye kovu, pale sponji lilipolala na maji misimu miwili ya mvua bila pa kutokea.

Machibya alichuchumaa upande wa pili. "Ona! Ona alivyoiunguza huyu mtu! Moto mwingi mpaka chuma kimekuwa cheusi."

"Hili sponji limelowa," Scola alisema.

"Si mvua ya leo? Nimetoka nayo huko inanyesha. Angalia chuma, mama. Si unaona?"

Scola aliona. Aliona pia baiskeli ya bluu iliyoegemea nguzo ya kibaraza. Akajua kwamba akifungua mdomo, kifo cha Mwandu kitatoka kwa Abednego kije kikae hapa kwake.

"Mh," alisema.

"Umeona au hujaona?"

"Nimeona."

Machibya akaifunga fremu kwenye keria, akaondoka bila kuaga. Scola alilisukuma sponji kwa mguu mpaka uvunguni mwa benchi.

Jioni Romana, jirani yake anayeuza vitumbua, alipita na beseni tupu kichwani. Kwa kawaida huanza na utani. Siku hiyo aliweka beseni chini kwanza.

"Umesikia ya Abednego?"

"Sijasikia."

"Wamemvunjia kibanda. Mashine wameitupa mtaroni. Wakamshika mkono, wakauweka juu ya chuma chake mwenyewe, wakaupiga kwa nyundo yake mwenyewe. Wa kulia, Scola. Vidole vile sijui kama vitarudi."

"Mungu wangu. Nani kawatuma?"

Romana alimtazama. "Wanasema ni wewe. Eti Machibya aliwaambia Mama Lidia ni fundi, kavua nguo, kaona kwa macho yake, hajapinga. Mimi nikasema Scola hawezi kusema kitu asichokiona."

"Niliona," Scola alisema, na Romana akadhani ameelewa, akabeba beseni lake akaenda.

Scola hakupika. Alivuta sponji kutoka uvunguni akalikamua juu ya sakafu. Lilikuwa bado lina maji. Alikaa akiyatazama yanavyotafuta njia kwenye nyufa za saruji, yanatoka, yanakwenda zake nje. Akakumbuka uwazi wa Edgar. Miaka yote aliuchukulia kuwa uvivu wa mwanamume aliyechoka kushona.

Asubuhi, kabla watoto hawajaanza kupita kwenda shule, alikuwa kijiweni, wembe ameuviringisha kwenye kona ya khanga, sponji la Mwandu kwenye mfuko wa rambo. Machibya alitokea na Happiness amekaa mbele, mkoba begani.

"Mshushe mtoto," Scola alisema.

"Anachelewa, mama."

"Mshushe, nimekwambia."

Alimshusha. Scola alipiga goti kwenye tope, akatafuta fundo lake kule chini, akalikata. Maji yalitoka yakaangukia kandambili za Machibya. Akachana ngozi ya bluu kwa urefu wake wote, akasukuma bomba kwa kidole gumba, na kipande cha kutu kikabonyea kikaingia ndani. Waliokuwa kijiweni wakasogea karibu.

"Na hii nayo kaunguza nani?" aliuliza. "Hii fremu haijawahi kufika kwa Abednego. Ni nguo yangu. Ya Mwandu pia ilikuwa nguo yangu, na jana nilijua."

Machibya alimtazama mwanawe, akatazama tundu lile, akatazama mikono yake mwenyewe. Mtu mmoja nyuma alimtukana Scola tusi la mama. Hakugeuka. Alinyanyuka, akaivuta baiskeli iliyofuata yenye nguo yake, akaipindua magurudumu juu, akaanza kutafuta fundo.