Jiwe la Tatu Mferejini

Nilisomea usanifu wa bidhaa Nairobi miaka minne, nikarudi nyumbani Lodwar na shahada ambayo mama aliiweka kabatini, pamoja na vikombe vya wageni. Baada ya kukaa bure mwaka mmoja na nusu nikapata kazi ya miezi mitatu katika shirika linalopenda sana ubunifu wa watu wa kawaida, mradi upigike picha. Nilitakiwa kutafuta vitu kumi na viwili vya kalenda, kimoja kwa kila mwezi. Bosi alisema kalenda ikikamilika ataniongezea miezi sita. Isipokamilika, tutaagana kama ndugu. Mimi ndugu ninao wa kutosha.

Wiki ya mwisho nilikuwa na vitu kumi na kimoja. Kulikuwa na ndara za tairi, na mlango wa kibanda uliotengenezwa kwa mikebe ya mafuta ya msaada iliyonyooshwa kwa nyundo. Kulikuwa na ekicholong ya mzee mmoja wa Lorugum, kigoda anachokikalia mchana na kukifanya mto usiku. Hicho bosi alikipenda sana, akauliza tu kama mzee hawezi kukipaka rangi. Ilibaki Desemba. Nikapewa nafasi katika gari la ofisi linalokwenda Kakuma asubuhi na kurudi saa kumi. Njia nzima nilijiuliza: nisipoona kitu je? Nikikiona nisikitambue? Nikikitambua, halafu kumbe kilikuwa kwenye kalenda ya mwaka jana?

Saa saba mchana, jua likiwa limewaingiza watu wote vibandani, nilifika kwenye mfereji mmoja wa kambi ya wakimbizi, bomba la maji la mtaa mzima. Ulikuwa umefungwa. Mbele yake ilijipanga mitungi ya plastiki ishirini na kitu, kila mmoja na alama yake: kitambaa chekundu kwenye mshikio, shanga, herufi iliyochomwa kwa kisu cha moto, gunzi la mahindi badala ya kifuniko. Watu wamelala, mitungi inawapigia foleni. Desemba hiyo!

Kasoro ilikuwa moja: foleni yenyewe haikupendeza. Njano, bluu na nyeupe zilichanganyika ovyo, na nafasi ya tatu ilikuwa na jiwe. Jiwe tu. Sasa, mimi ni mtoto wa Lodwar. Nimepanga mtungi tangu darasa la kwanza na nimekula kofi kwa kuruka laini. Nilijua vizuri kwamba mtungi ni mtu. Lakini nilifikiri, na kufikiri ndiko kunakoniponza siku zote. Nitapiga picha ya kwanza ya mambo yalivyo, nitapanga mitungi kwa rangi, nitapiga ya pili, kisha nitarudisha kila kitu nikiangalia ile ya kwanza. Mpango wa kisomi kabisa. Njano zikaenda mbele, bluu zikafuata, nyeupe nyuma. Jiwe nikalitupa kando, maana takataka haina mwezi wake kwenye kalenda. Picha ya pili ilikuwa nzuri hivi kwamba niliipiga mara kumi na nne.

Ndipo simu ikaandika kwamba imepata joto kupita kiasi, ikazimika. Waliobuni simu ile ni watu wenye akili nyingi. Ni vile tu hakuna aliyewahi kufika Turkana.

Niliipepea kwa daftari. Nikaiweka kwapani, nikagundua kwapa si friji. Kabla haijawaka, wanawake wakaanza kutoka.

"Ejok," nikawasalimu kwa Kiturkana.

"Ejok ya nini? Nani amechezea laini?" Huyo alikuwa msimamizi wa mfereji, mama mrefu wa Sudan Kusini aliyening'iniza ufunguo shingoni.

"Samahani mama, nilikuwa napiga picha tu."

"Na hiyo picha yako inabeba mitungi?"

"Mwacheni, amesoma huyo," mwingine akasema. "Angekuwa hajasoma angepita tu."

Nilingoja vita. Badala yake wakaanza kuitana. "Mimi niko nyuma ya kitambaa." "Na mimi nyuma yako." Hakuna aliyekumbuka foleni nzima, kila mmoja alimkumbuka aliye mbele yake, basi. Kwa dakika chache mitungi yote ilikuwa imerudi mahali pake, isipokuwa nafasi ya tatu.

"Jiwe yangu iko wapi?" akauliza mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni. Mtungi wake wa pekee ulikuwa bado nyumbani na maji ya jana, kwa hiyo aliacha jiwe limshikie.

"Hakuna kitu, hakuna mtu," akasema aliyekuwa wa nne, bila huruma. "Sheria ni hiyo."

Kama hujawahi kutafuta jiwe fulani Kakuma, usianze. Nilileta la kwanza.

"Hii ni jiwe ya nani?"

Nikaleta la pili.

"Yangu ilikuwa na tumbo."

Nikaleta lenye tumbo. "Sasa ataleta mlima," msimamizi akasema, na wote wakacheka, hata wa nne.

"Wacha, ndugu," akasema mwenye mtoto. "Simama hapo. Jiwe ni wewe."

Nikasimama. Msimamizi akafungua mfereji, mtungi wa kwanza ukajaa, wa pili ukajaa, nami nikawa nasogea. "Hii jiwe inatoa jasho!" mtu akapiga kelele. Mwenye mtoto akarudi na mtungi wake, akateka. Simu ikawaka, akaomba kuona nilichokuwa nikipiga. Nikamwonyesha ile nzuri. Aliitazama kwa muda.

"Mimi siko," akasema.

Nikamwonyesha ile ya kwanza. Akaweka kidole juu ya jiwe. "Huyu." Akajitwika maji akaenda.

Asubuhi yake, Lodwar, nilimweka bosi chini nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri sana. Ana cheti cha kusikiliza.

"Tutumie ya kwanza," akasema. "Ina ukweli. Ila hilo jiwe linachafua. Litoe kwa kompyuta, nitie sahihi mkataba wako leo."

"Bosi, jiwe ni mtu."

"Nimekuelewa. Litoe."

Nilikaa mbele ya kompyuta saa nzima nikikusanya hoja. Kwamba maji yake ameshapata. Kwamba nikikataa, atakuja mwingine alitoe bila hata kujisikia vibaya, na mimi angalau nitajisikia vibaya. Kazi yenyewe ilichukua dakika mbili. Kompyuta ilijaza pengo kwa mchanga, na mchanga ukatokea vizuri.

Mkataba ninao. Kalenda zimetoka, na bosi amenipa heshima ya kuzigawa, nianze na Kakuma, mtaa ule ule wenye mfereji. Nimemwandikia barua ya kurasa mbili kueleza kwa nini ni busara zaidi kuanza na Lorugum.