Mbwa Aliyelipwa Anyamaze

Mbwa huyo aliitwa Honi, na kwa jina hilo hakuonewa. Alipobweka, vikombe vilitembea kabatini, kuku wa jirani akataga yai lisilo na ganda, na mzee mmoja aliyekuwa na kwikwi tangu ujana wake akapona palepale, akaenda zake analia kwa furaha. Anayebisha akamuulize kuku.

Mwenye mbwa alikuwa kinyozi, mwanamke wa mikono myepesi na macho yasiyopitwa na kitu. Watu walimwita Mama Mashine kwa sababu ya mashine yake ya kunyolea, ambayo hakumwachia mtu aishike hata kwa utani. Chumba chake cha kazi kilikuwa mwisho wa korido, baada ya geti la bati: kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu, kioo chenye ufa, chupa ya spiriti, taulo zimeanikwa dirishani. Kwenye kona alikaa wifi yake, dada wa mumewe, akisuka nywele za wanawake na maneno humohumo.

Mama Mashine alimwokota Honi angali mdogo, kajikunja kwenye ndoo ya nywele zilizofagiwa. Nusura amtupe nazo, maana rangi yao moja. Mumewe alikuwa dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo. Basi Honi ndiye aliyefuatana na Mama Mashine alipokwenda kuwanyoa wagonjwa vitandani kwao, akamsubiri mlangoni hadi amalize, kisha wakarudi pamoja. Mama Mashine hakuwahi kusema anampenda. Alisema tu, "Huyu simtoi."

Taabu ni kwamba geti likilia, na Honi analia. Mtu yuko kitini, mashine iko kichwani, mara "Wu!", mtu anaruka. Seremala, rafiki wa mumewe na mteja wa siku zote, aliondoka siku moja na barabara imempita kutoka kisogoni hadi kwenye paji la uso.

"Weka na taa, shemeji," alisema akijitazama kwenye kioo, "magari yasije yakagongana."

Seremala alicheka. Mwenye nyumba, aliyekuwa na kawaida ya kulala mchana chumba cha pili, hakucheka. Alitokea na singlendi, shavu limechorwa alama za mto.

"Mama Mashine, nimechoka. Jumamosi nakuja kunyolewa. Huyo mbwa wako akinibwekea hata mara moja, naondoka naye. Rafiki yangu ana kiwanda cha matofali, anatafuta mbwa wa kulinda."

"Karibu Jumamosi, mzee wangu. Utaingia kama upepo."

Mwenye nyumba alipotoka, wifi akaangusha kitana. "Wifi! Umeahidi kwa mdomo wa nani? Wako au wa mbwa?"

"Wangu. Huo wa mbwa naushughulikia sasa hivi."

Akanunua mapafu kwa muuza nyama, akayachemsha, akayakata vipande vidogo kama kucha, akavitia mfuko wa aproni. Geti likalia, Honi akabweka weee, na alipochoka akanyamaza. Mama Mashine akampa kipande. "Hivyo, baba. Ukinyamaza unalipwa." Akafanya hivyo asubuhi nzima.

Alasiri Honi akaja mwenyewe katikati ya chumba. Geti halikulia, hapakuwa na mtu koridoni. Akabweka mara moja tu, "Wu!" Akafunga mdomo, akakaa, akaukazia macho mfuko wa aproni.

Wifi alicheka hadi mteja wake akabaki ananing'inia kwa msuko. "Hongera, wifi! Umemwajiri! Sasa anabweka kwa mshahara!"

Mama Mashine hakuona haya. Aliona kosa lilipo, na kosa likishaonekana, kwake lilikuwa nusu limeshanyolewa. Alizima mashine, akakaa kwenye kiti cha wateja, akamtazama mbwa wake vizuri. Akaona masikio yanasimama kabla mdomo haujafunguka. Akaona pia kwamba watu wanapita koridoni, Honi anabweka, nao wanakwenda zao walikokuwa wanakwenda tangu awali. Lakini Honi anarudi kifua mbele, amewafukuza! Na nyuma yake wifi anapayuka, "Nyamaza we! Mbwa gani wewe!", na Honi anaongeza sauti, maana jeshi limefika.

"Wifi, na wewe unabweka."

"Mimi?"

"Wewe. Anadhani unamsaidia."

"Yaani nimekuwa mbwa, mimi, dada wa mumeo!"

"Tena wa nywele ndefu. Funga mdomo unisaidie."

Tangu hapo malipo yakatangulia. Masikio ya Honi yakisimama tu, Mama Mashine anagonga kitana kwenye kiti, ko!, na kipande kinafika mdomoni kabla ya sauti. Akichelewa, mbwa akabweka, basi hapewi, hasemeshwi, hatazamwi. Mawifi wote wawili wanageukia ukuta kama walionuna. Kumnyamazisha Honi ilikuwa kazi. Kumnyamazisha wifi ilikuwa muujiza, na Mama Mashine alilazimika kumrushia njugu kila alipomeza ukelele. Seremala naye akafanywa mfungua geti, ingia, toka, ingia tena, hadi jirani akamuuliza kama anatafuta choo. Kufikia Ijumaa, geti likilia Honi hakimbilii mlango tena. Anakimbilia kiti, anakaa miguuni pa Mama Mashine.

Jumamosi mwenye nyumba alikuja kwa shari. Geti alilipiga teke. Ko! Honi akaja, akatafuna. Mwenye nyumba akaburuza funguo ukutani. Ko! Akaiangusha ndoo kwa makusudi, ikabingirika korido nzima. Ko! Honi akatafuna. Mama Mashine akatia tena mkono mfukoni, na mfuko ulikuwa mtupu.

Mwenye nyumba aliuona mkono ukitoka bure. Akatabasamu, akainama, pua kwa pua na mbwa, akavuta pumzi, akabweka yeye:

"Wu! Wu! Wuuu!"

Wifi akauma kanga yake. Masikio ya Honi yakasimama wima. Mama Mashine, bila kutetereka, akagonga kitana, ko! Mbwa akamtazama mwenye nyumba, akamtazama Mama Mashine, akamwendea taratibu, akaulaza mdomo juu ya kiatu chake.

Kisha sauti ya seremala ikatoka getini:

"Shemeji! Mnyamazishe mbwa huyo, mwenye nyumba atamsikia!"

Mwenye nyumba akajinyoosha polepole, akajipangusa magoti, akakaa kitini. "Abaki," alisema akitazama dari. "Lakini mwizi akija je?"

Mama Mashine akamfunga taulo shingoni. "Tutakuita, mzee wangu. Sauti unayo."