Binti yangu alikisia jinsi RNA inavyojikunja, majirani wakaja kuomboleza

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Humu huwa nasoma tu na kupita. Leo nimeshindwa kunyamaza, na sitaongeza chumvi.

Naishi mtaa wa Bel-Air, natengeneza bangili za waya wa shaba. Shule niliacha mapema, kwa hiyo wataalamu mtanivumilia.

Mke wangu alifariki mwaka huu. Nyumba bado ina msiba: hakuna redio, hakuna kicheko cha nguvu.

Binti yetu Nathalie yuko mwaka wa mwisho chuoni. Anachunguza virusi vinavyoozesha mihogo. Ndani ya virusi hivyo kuna RNA, kitu kama uzi mrefu wenye herufi nne. A hushikana na U, G hushikana na C. Kwa kutafutana huko, uzi unajikunja wenyewe, na kompyuta inapiga hesabu kukisia utakaa umbo gani.

Sasa kompyuta ikampa maumbo mawili, hesabu zake zinakaribiana.

Ilibidi achague moja kabla ya majibu ya maabara. Akikosea, anarudia mwaka.

Nikamkunjia yote mawili kwa waya. Nikamshauri achukue la pili, limelingana pande zote, linapendeza.

"Papa, ile iko ya kuvaa," akaniambia. "Mimi natafuta ya kweli."

Akachagua la kwanza, limepinda vibaya. Sababu zake sikuzielewa zote, nisiwadanganye.

Maabara wao wanatia dawa inayonasa herufi zisizo na mwenza. Hapo ndipo wanajua uzi umeshikana wapi.

Jumamosi mchana email ya maabara ikaingia. Nathalie akasoma, akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia.

Wakuu, karibu kila herufi imekaa alivyosema! Kipande kidogo cha mwisho tu kimekataa, nacho nakitaja.

Lakini kwetu, ukelele ukitoka nyumba yenye msiba, watu wanaelewa jambo moja. Majirani wakaja mbio na viti vya matanga vichwani, wengine wanalia tayari. Mama Chantal, jirani wa ukuta mmoja, alitangulia.

"Nani tena, Papa Nathalie?"

"Hakuna mutu alikufa, mama. Mutoto alifaulu."

"Alifaulu nini ya kulia vile?"

Nikashika waya, nikaanza kueleza. Mimi ambaye tangu mazishi nilikuwa naitikia salamu tu! Herufi, mikunjo, mihogo, nilieleza mpaka jasho likanitoka.

Mama Chantal akafuta machozi.

"Machozi yangu ilienda bure," akasema. "Lakini viti tulishaleta. Tukae."

Wakakaa mpaka jioni. Watu walicheka kwa nguvu nyumbani kwangu, na sikumzuia mtu.

Nilichojifunza: kitu kinachopendeza macho bado kinahitaji kupimwa. Na furaha ya mtoto haimkosei heshima marehemu.

Wanaoijua RNA, nisahihisheni nilipopotoka. Na wengine, kwenu habari njema ikiingia nyumba yenye msiba, mnaipokeaje?