Gramu Tatu za Wino Zilizokuwa Zikipotea kwa Mama Negativu

Saa mbili asubuhi. Mlango wa studio ya picha umefunguliwa nusu, na Mama Negativu, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, ameinamia mizani ndogo kuliko sahani ya chai. Anaweka katriji ya wino, anasoma namba, anaitoa, anaweka nyingine. Hata salamu anaitikia bila kuinua kichwa.

"Ngoja kidogo mwanangu, ukinisemesha nitasahau hesabu."

Mezani kuna printa mbili. Ya zamani ina katriji sita, na kwa miaka kumi na moja imechapisha harusi na mahafali ya mtaa mzima. Mpya, yenye matangi ya wino ubavuni, ameletewa na binti yake, aliyechoka kusikia malalamiko. Katika kila picha tano za ile ya zamani, malipo ya picha tatu huishia kwenye wino. Binti ameshaitafutia mnunuzi, na mnunuzi anakuja kesho kutwa.

Tatizo ni nyuso. Mama Negativu anachukua picha mbili za bibi harusi yuleyule na kuziweka dirishani. Iliyotoka kwenye printa mpya ni safi, lakini ngozi imepauka.

"Mtazame huyu. Utadhani amemwagiwa majivu! Sasa mtu na siku yake ya harusi, nimpe hii?"

Amelelewa humuhumu. Studio ilikuwa ya baba yake, na chumba cha giza cha kusafishia picha, ambacho sasa kimejaa masanduku ya negativu, zile filamu za picha za zamani, asizotaka kuzitupa, ndicho kilichompa jina. Akiwa na miaka tisa, kazi yake ilikuwa kutikisa beseni la dawa chini ya taa nyekundu.

"Karatasi ilikuwa nyeupe pee. Halafu nywele zinatokea, macho yanatokea, na mtu mzima yuko pale ananiangalia. Kila mara nilishtuka. Baba alikuwa akinicheka mpaka anakaa chini." Anatabasamu. Zile siku anazitamani mno, na wala hafichi.

Mizani ameazimwa na jirani yake, sonara. Kwa wiki nzima amepima katriji kabla na baada ya kuchapisha, na printa mpya akaijaza kwa bomba la sindano hadi kwenye mstari ili ajue imetumia kiasi gani. Ajabu ni kwamba kwa picha kumi, zote mbili zilikunywa karibu sawa, kama gramu tatu hivi. Wino wa katriji ni ghali zaidi, ndiyo, lakini si kwa kiasi cha kumfilisi.

"Na usiku je?" sonara alimuuliza jana. "Mimi dhahabu naipima nikifunga, naipima nikifungua. Simwamini hata panya."

Mama Negativu alicheka, lakini jioni akapima. Asubuhi hii amewasha printa ya zamani, ikakoroma na kujisafisha kwa dakika mbili, na sasa anapima tena. Anarudia mara ya pili. Gramu tatu hazipo.

"Picha kumi zimenywewa na hakuna hata mmoja aliyekaa kwenye kiti!"

Anampigia binti yake, ambaye kwanza anamsihi asimwaibishe mbele ya mnunuzi, kisha anauliza polepole, "Mama, hiyo printa huwa unaizimaje?"

"Ukutani, kama kawaida. Kwani nini?"

"Aa, mama! Inazimwa kwa kitufe chake, halafu unaiacha hivyo hivyo. Ukiikatia umeme ghafla haizibi midomo yake ya kutolea wino, ndiyo maana ikiamka inajiosha kwa wino."

Mama Negativu anakaa. Kuzima ukutani ilikuwa amri ya baba yake, tangu jioni ile taa ya mashine ya kukuzia picha ilipounguza pazia la chumba cha giza. Ukitoka, zima kila kitu. Hajawahi kuivunja.

Jioni hiyo anabonyeza kitufe cha printa, anafunga mlango, anafungua, anaitazama swichi ya ukutani, anafunga tena. Mara tatu. Mwishowe anaondoka bila kuizima.

Asubuhi inayofuata mizani inaonyesha upungufu usiofika nusu gramu. Mnunuzi anapigiwa simu asije. Printa mpya itachapisha fomu na barua. Ya zamani itabaki na nyuso. Kwa wino atakaookoa, Mama Negativu anapanga kuchapisha negativu za watu ambao hawakurudi kuchukua picha zao, azitundike dirishani, atakayemtambua mtu wake aingie achukue bure.

Akiulizwa baba yake angesema nini, anacheka sana, kisha anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Angenigombeza. Ana miaka kumi na minane kaburini, lakini jana ndiyo mara ya kwanza nimeifunga studio hii kama yangu. Nimelia njia nzima hadi nyumbani."